Nilivyoinyamazisha Datsun ya Jaduong' Ondiek

Nyinyi vijana mnaotafuta kamshafti kwa simu mkiwa mmelala chali kitandani, nawasalimu. Mimi ni Owuor. Nimefungua na kufunga injini kati ya Homa Bay na Migori kwa miaka thelathini na kitu. Shule niliacha darasa la sita, kwa hiyo mkiona maneno yamekaa upande, yanyoosheni wenyewe. Nyinyi ndio mna vyeti.

Mkono wangu wa kushoto una vidole vitatu. Viwili vilichukuliwa na feni ya lori, na kosa halikuwa la feni. Nilikuwa nimeingiza mkono kumwonyesha mteja mahali ambapo mtu hapaswi kuingiza mkono. Alielewa vizuri sana. Mpaka leo ananipigia simu kunishukuru.

Nataka niwaambie habari ya hedi moja ya Datsun, namna nilivyoipoteza na namna nilivyoitafuta. Nitataja majina ya walionidanganya, kwa sababu wengine bado wako kazini na wanawangoja nyinyi. Lakini wa kwanza nitakayemtaja ni mimi mwenyewe, kwa sababu mimi nilianza.

Jaduong' Ondiek, yaani Mzee Ondiek, alikuwa karani wa korti hapa Homa Bay. Mtu mpole, shati limepigwa pasi, sauti ya chini, ukimsalimu mpaka uiname ndipo usikie akijibu. Basi mtu huyo mpole alikuwa na Datsun 160J ya rangi ya chungwa, aliyoinunua zamani kutoka kwa mtu wa mashindano aliyechoka nayo. Gari la aina hiyo lilikuwa limebaki moja tu huku kwetu, na ndani ya lile moja injini ilikuwa si ya kawaida. Hedi, yaani ule mfuniko mzito wa juu wenye valvu, ilikuwa imechongwa. Kamshafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya hedi, ilikuwa na nundu ndefu, zile nundu zinazosukuma valvu zifunguke, kwa hiyo valvu zilifunguka sana na kukaa wazi muda mrefu. Kabureta zilikuwa mbili, kubwa, zimelala upande. Na mabomba manne ya moshi yalishuka yakikutana chini kama watu wanaopeana siri.

Gari likiwa limesimama, injini kama hiyo hailii sawasawa. Inachechemea. Dugu, dugu-dugu, dugu. Unadhani itakufa sasa hivi. Lakini ikipata mwendo inapasua hewa kama mtu anayechana shuka jipya. Jaduong' akipanda kilima cha kutoka mjini, wanawake wa sokoni walianza kufunga vitu vyao, maana walijua korti imefungwa. Hakuna aliyehitaji saa.

Sasa, siku moja mkewe, Mama Akoth, akaja kwenye kibanda changu na chapati nne kwenye sufuria. Mkiona mtu anawaletea chapati garage bila kuwa na gari, simameni, ondokeni.

"Owuor mwanangu," akasema, "niondolee ile kelele."

"Kelele gani, mama?"

"Unaniuliza gani? Mjukuu halali. Kuku hawatagi. Mimi nikisali rozari sisikii nimefika wapi, narudia Salamu Maria moja mara tatu. Kila siku namwambia, hasikii. Mwambie wewe inakula petroli. Petroli atakubali. Usimwambie ni mimi."

Nikala chapati. Jumatatu yake nikamwambia Jaduong', kwa uso wa daktari kabisa, kwamba gari inakunywa petroli kuliko mshahara wa karani unavyoweza, na kwamba nitamwekea hedi ya pikapu, ya kawaida, na kabureta moja. Aliitazama Datsun yake. Halafu akasema, "Wewe ndiye fundi."

Nilipomaliza akaiwasha. Ikalia vizuri, sawasawa, kama cherehani. Akaondoka, akafika barabarani, akarudi. Akafungua bonet, akaangalia ndani, akaifunga polepole.

"Owuor," akasema, "sasa nayo imekuwa karani."

Hakunilaumu tena hata siku moja. Akawa anaendesha kwenda misa na kurudi, baadaye akaacha hata hiyo. Na ile hedi ya mashindano, pamoja na kabureta zake mbili na mabomba manne, mimi fundi mkubwa nilimpa mtu wa chuma chakavu anayeitwa Nyakwaka, tukabadilishana na jeki. Jeki yenyewe ilivuja wiki ile ile. Hiyo ilikuwa miaka kumi na sita iliyopita.

*

Mwaka jana Jaduong' akafariki. Jumapili baada ya misa Mama Akoth akaniita nyumbani. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, haongei na mtu, halii. Binti zake walininong'oneza kwamba tangu siku ile hajalia hata tone, na wanaogopa.

"Owuor," akasema, "unakumbuka chapati?"

Nikasema nakumbuka. Nilitamani ardhi inifungulie mlango.

"Tulimnyamazisha, wewe na mimi. Miaka kumi na tano mtu yule alikuwa anaingia hapa kama mgeni, simsikii mpaka yuko mlangoni. Nilipata usingizi wangu. Sasa nina usingizi mwingi sana. Jumamosi tunamzika. Ijumaa wanaume wanaenda tero buru. Nataka niisikie ile gari ikitoka na niisikie ikirudi. Kama zamani. Mara moja tu."

Kwa wasiojua, tero buru ni hivi: mzee akifa kwetu, wanaume hukusanya ng'ombe, hushika mikuki na matawi, huimba na kukimbia mpaka mpakani kukifukuza kifo, kisha hurudi nyumbani. Siku hizi boda boda nazo huenda, tena ndizo zenye kelele nyingi.

Mtu mwenye akili angesema, mama, nipe siku nifikirie. Mimi nilisema, "Mama, hesabu imekwisha, utaisikia." Nikatoka pale kifua mbele. Nilipofika kwenye lango ndipo nikakumbuka kwamba sijui ile hedi iko dunia gani, na kwamba nina siku tano.

*

Kabla sijafika mbali niwaambie kuhusu aliyenifundisha, kwa sababu bila yeye hii hadithi ingeisha vibaya zaidi. Aliitwa Fundi Rajabu. Alikuja Homa Bay kutoka Mombasa na begi moja la spana, akaoa, akakaa. Alikuwa na mambo mawili kuhusu injini hizi za Datsun, na aliyarudia mpaka nikayaota.

La kwanza: kabla hujatoa hedi, weka alama kwenye cheni ya timing, ile inayozungusha kamshafti, na kwenye gia yake, ili ikirudi irudi mahali pake. Usitumie chaki, oili inaifuta. Tumia rangi ya kucha. Rajabu alikuwa na chupa ya rangi ya kucha nyekundu kwenye mfuko wa ovaroli, na wateja wapya walikuwa wakimtazama kwa jicho baya.

La pili: chonga kipande cha mti chembamba kama ulimi, kikandamize katikati ya cheni kabla hujaifungua gia ya juu. Bila hicho cheni inalegea, na kile chuma cha kuikaza kinachomoka, kinaangukia chini mbele ya injini. Ukifika hapo ni lazima uifungue injini yote upande wa mbele.

Mara yangu ya kwanza nilikumbuka rangi ya kucha nikasahau mti. Nikasikia *ting*. Nikafanya kama sijasikia. Nikafunga hedi mpya, nikakaza bolti, nikajipangusa mikono. Rajabu alikuwa amekaa pale pale, akaniuliza, "Owuor, ile *ting* ilikuwa nini?" Nikasema ni kijiko cha mama chai. Akamwita mama chai, akamuuliza kama amepoteza kijiko. Hajapoteza.

Hakunipiga. Aliagiza kikombe cha chai akaniwekea mbele yangu. "Kunywa," akasema. "Kazi ya asubuhi moja umeifanya ya siku mbili. Chai utaihitaji."

*

Sasa turudi kwa wezi.

Jumatatu nilikwenda Migori kwa Ochieng', anayejiita Dokta. Jina lake naliandika na nikiulizwa nitalirudia. Ana mashine ya lethi, ya kuzungusha na kuchonga chuma, na ana mdomo, na mdomo ndio unaozunguka zaidi. Nikamwambia natafuta kamshafti ya Datsun, ile ya nundu ndefu.

"Omera, ndugu yangu, una bahati," akasema, akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwa gazeti kama nyama. "Hii ilitoka kwa gari ya rally."

"Rally gani?"

"Rally rally."

Mimi, mtu wa miaka thelathini kazini, nikaichukua ile kamshafti nikainua juani, nikafunga jicho moja, nikatikisa kichwa kama mtu anayesoma picha ya eksirei. Kifaa cha kupimia kilikuwa mfukoni mwangu. Kilibaki mfukoni. Niliona aibu kumpima mtu anayeitwa Dokta mbele ya watu wake.

Nilipofika nyumbani nikapima. Kamshafti ya injini hii ina nundu nane. Unapima kila moja kutoka ncha mpaka kisigino. Nne za kuingiza hewa zinatakiwa kulingana, nne za kutoa moshi zinatakiwa kulingana. Zangu zilikuwa nane na kila moja ilikuwa na maoni yake. Dokta alikuwa amechukua kamshafti ya kawaida, akajaza nundu kwa welding, akasaga kwa mkono huku anaongea na watu. Nilipompigia akasema, "Omera, kila silinda iko na roho yake." Vijana, pimeni. Pimeni pale pale mbele ya mwenye duka, akikasirika mpime mara ya pili.

Jumanne ilikuwa ya Odongo wa Sindo. Huyu sijawahi kumwona uso, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mzee pia anaweza kudanganywa kwa simu kama kijana. Alinitumia picha ya kabureta mbili zimelala upande, zinang'aa. Nikamwambia tuma. Zikaja kwenye sanduku la samaki. Nilipozigeuza, upande ambao haukupigwa picha ulikuwa na kutu ya kijani na magamba matatu ya mbuta. Zilikuwa za injini ya boti.

"Odongo," nikasema kwenye simu, "hizi ni za boti."

"Fundi, si kabureta ni kabureta? Zote zinakula petroli."

"Matundu ya bolti hayalingani!"

"Toboa mengine. Na kwa maji zilikuwa zinakimbia sana, siwezi kukudanganya."

Niliketi chini kando ya lile sanduku. Paka wa jirani akaja akaketi upande wa pili. Yeye angalau alikuwa na matumaini.

Ndipo ikaniingia akilini kufanya kitu ambacho ningefanya tangu Jumapili kama nisingekuwa najiona: kumtafuta Nyakwaka wa chuma chakavu, niliyempa hedi kwa mkono wangu. Sikutaka kwenda kwake kwa sababu sikutaka kukiri. Niliona afadhali nidanganywe na watu wawili wapya kuliko kuaibika mbele ya mmoja wa zamani.

Nyakwaka sasa ni mzee, anauza mahindi ya kuchoma nyumbani kwake. Akanikumbuka kabla sijaketi.

"Wewe wa jeki! Ile jeki ilifanya kazi?"

"Ilivuja."

"Najua," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Ile hedi yako watu wa dhahabu waliichukua. Waliifunga juu ya bloku ya pikapu, ikawa ya kusagia mawe. Kule Macalder. Kama haijafa, iko huko."

*

Jumatano asubuhi nikapanda boda kwenda Macalder. Kama hujafika huko, ni hivi: watu wanachimba mawe chini, wanayasaga kwa vinu vya chuma mpaka yanakuwa unga, halafu wanaosha unga kutafuta dhahabu. Vinu viko vingi, na karibu vyote vinaendeshwa na injini za dizeli. Duf-duf-duf-duf, bonde zima. Vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

Niliambiwa ukiuliza maswali huko wanadhani wewe ni mtu wa serikali. Nikauliza maswali. Vijana watatu wakaanza kunifuata na sururu mabegani, taratibu. Nilikuwa najitayarisha kuonyesha mkono wenye vidole vitatu kama kitambulisho, ndipo nikasikia.

Katikati ya zile dizeli zote kulikuwa na kitu kimoja kinachechemea. Dugu, dugu-dugu, dugu. Kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Nilisimama. Nikaona saa kumi jioni, nikaona wanawake wa sokoni wanafunga vitu vyao.

Nikafuata ile sauti. Chini ya mabati, ile hedi ilikuwa imefungwa juu ya bloku yenye kutu, kabureta zake mbili zimefungwa soksi badala ya chujio, mabomba manne yameelekezwa juu kama tarumbeta. Kando yake alisimama mama mmoja mnene, leso kichwani, panga mkononi.

"Wewe ni wa ofisi gani?" akaniuliza.

"Mimi ni fundi, mama. Kutoka Homa Bay."

"Mjaluo wa Homa Bay anatafuta nini kwa kinu ya Mkuria?"

Alikuwa anaitwa Mama Boke, na kinu kilikuwa chake miaka sita. Nikamwambia ukweli wote: Jaduong', mjane, Ijumaa. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Pole ya msiba," akasema. "Lakini hii kinu ndiyo inasomesha watoto. Siwezi kuzika mtu wenu na chakula yangu."

Basi hapa ndipo kazi ya miaka thelathini ilinifaa kwa mara ya kwanza wiki ile. Nikamuuliza, "Mama, hii injini ukiijaza mawe, inazima?"

Akanitazama vingine. "Inazima."

"Mpaka uikanyagie petroli nyingi ndiyo inashika?"

"Nani amekuambia?"

"Na petroli inakunywa kama ng'ombe."

"Kama ng'ombe wawili! Nimeita mafundi watano. Mmoja alisema imerogwa."

Haikurogwa. Kamshafti ya nundu ndefu haina nguvu mwendo wa chini. Nguvu yake yote iko juu, mahali ambapo kinu hakifiki kamwe. Alikuwa anasaga mawe kwa injini iliyotengenezwa kukimbia. Na mimi, kwenye gari la marehemu, nilikuwa na hedi ya pikapu, ya kawaida, mpole kama karani, ambayo kazi yake hasa ni kuvuta mzigo polepole siku nzima.

"Tubadilishane," nikasema. "Nitakufungia yangu."

"Mwanaume akija hapa akisema anataka kunisaidia, mimi nashika panga kwanza."

"Umeshaishika, mama."

Akaiangalia ile panga, akacheka kidogo. "Sikia. Funga yako kwanza. Kinu ikisaga gunia moja bila kuzima, chukua hiyo yako uende. Ikizima mara moja tu, unaacha zote mbili."

Nikarudi kupitia Migori mjini, kwa Bwana Salim, Mwislamu mwenye duka la spea lililokuwepo kabla hata sijaanza kazi. Nikamuomba gaskiti mbili za kuziba chini ya hedi. Hakufungua simu, hakufungua daftari. Alipanda ngazi mpaka rafu ya mwisho, akapangusa vumbi, akashuka nazo. "Nilijua mtu atakuja," akasema. "Nilidhani atakuja mapema." Wenye maduka kama hayo wamebaki wachache. Wasalimieni hata kama hamna cha kununua.

Jioni ile nikaitoa hedi ya pikapu kwenye Datsun. Rangi ya kucha niliomba kwa mke wangu, ya zambarau. Ulimi wa mti niliuchonga kwa mti wa mpera. Alhamisi kulipokucha nilikuwa Macalder na hedi pamoja na kabureta yake ndani ya gunia.

Nikafungua, nikasafisha, nikafunga, nikakaza bolti kuanzia katikati kwenda nje kama Rajabu alivyotaka. Wale vijana watatu wa sururu sasa walikuwa wananishikia spana. Tukawasha. Ikalia kama cherehani. Mama Boke mwenyewe akaanza kumimina mawe. Nusu gunia. Injini ikainama kidogo, ikajikaza, ikaendelea. Gunia zima. Akasimama anaisikiliza, mkono kiunoni.

"Kwa hiyo miaka sita nasaga mawe na gari ya mashindano?"

"Ndiyo, mama."

"Ni mjinga gani aliitoa kwa gari ikakuja huku?"

Wale vijana wote wakaniangalia.

"Ni mimi," nikasema.

Alicheka mpaka akaketi kwenye gunia. Halafu akanifungia viazi vitamu kwenye karatasi, akasema nimpelekee mjane, na nimwambie Boke amesema pole.

*

Ijumaa saa sita mchana Datsun ilikuwa tayari. Kabureta mbili nilizilinganisha kwa kipande cha mpira: mwisho mmoja sikioni, mwisho mwingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza pumzi ya hii na ya ile mpaka zifanane. Omolo, mwana mkubwa wa Jaduong' aliyekuja kutoka Nairobi, akaketi kwenye usukani. Ng'ombe walikuwa langoni, wazee na mikuki, boda boda kama arobaini. Nikampa ishara. Ikawaka. Dugu, dugu-dugu, dugu. Watu wakapiga kelele, wengine wakaanza kulia pale pale. Nikajiona mwanaume.

Tukatoka. Mita mia mbili, ikazima.

Mnaona nilichofanya? Siku mbili tu kabla nilikuwa nimemfundisha Mama Boke, kwa maringo, kwamba kamshafti hii haiwezi mwendo wa polepole. Halafu nikaichukua hiyo hiyo nikaiweka nyuma ya ng'ombe.

Tukaisukuma, ikawaka, ikazima. Plagi zimelowa petroli. Nikazitoa zikiwa moto, nikazipangusa na shati langu jeupe la msiba, nikaungua vidole nilivyobakiwa navyo. Boda zikatupita zikipiga honi.

"Fundi!" kijana mmoja akapaza sauti. "Kifo kinatupita!"

Mzee mmoja mwenye mkuki, ndugu wa marehemu, akarudi kututazama. "Hii gari inafukuza kifo ama inakingojea?"

Omolo akatoa kichwa dirishani, jasho linamtiririka. "Fundi, mama yuko pale langoni anasikiliza. Sikia nikuambie, hii ikizima tena, mimi sirudi nyumbani."

Nilitaka kukimbia. Njia ya kuelekea ziwani ilikuwa wazi na nilikuwa na miguu miwili mizima. Badala yake nikaingia kwenye gari. "Ngoja," nikamwambia. "Usiwasogelee ng'ombe. Waache waende mpaka wasionekane."

Tukangoja. Watu wote wakaondoka, vumbi likatua, tukabaki wawili na gari kama watu walioachwa na harusi. Nikarudisha plagi. Kisha nikasema, "Sasa gia ya pili, na usiachilie mguu mpaka nikuambie. Hata ukiona nini."

Ikachechemea, ikakohoa, ikatema moshi mweusi, halafu ikashika. Mlio ukapanda, ukapanda, ukafika pale pa zamani, shuka jipya likachanika kutoka hapa mpaka mlimani. Omolo alikuwa anapiga kelele na sikumsikia. Tulipowafikia ng'ombe walituona kwa masikio kabla ya macho, wakainua mikia, wakaivuka mipaka yote. Wazee wakawafuata mbio, na wale wa boda wakajitupa kwenye majani. Wazee wanasema tangu wazaliwe hawajaona kifo kikifukuzwa kwa kasi ile. Fahali mmoja alipatikana Jumatatu.

Tukageuza. Tukarudi nyumbani vile vile, mguu chini, tukaingia langoni, na Omolo akasimamisha gari katikati ya uwanja, mbele ya mlango wa babake, injini inanguruma, vyombo vya chai vinatetemeka kwenye meza za wageni. Watoto wameziba masikio. Padri alikuwa anaongea na mtu, akaacha.

Mama Akoth akatoka ndani. Alikuja moja kwa moja, watu wakimpisha, mpaka kwenye bonet. Akasimama hapo, gauni lake linatikisika kwa ule upepo wa feni. Mimi nilikuwa nahesabu dhambi zangu.

Halafu akainua kofi akaipiga ile bonet. *Pa!*

"Zima!" akasema. "Zima hiyo kitu! Watu hawasikilizani hapa! Wewe kila siku nakuambia! Kila siku!"

Omolo akaganda. Mimi ndiye niliyeingiza mkono dirishani nikageuza ufunguo.

Injini hizi zikiwa moto sana hazifi mara moja. Ufunguo umezimwa, moto umekatwa, lakini joto la ndani linawasha petroli iliyobaki, na injini inaendelea yenyewe kidogo. Dugu. Dugu-dugu. Dugu.

"Mnaona?" Mama Akoth akasema, na sauti yake ikavunjika katikati. "Hata leo hasikii."

Akaweka uso wake juu ya ile bonet ya moto, akalia.